Kitanda Kidogo Kwenye Karatasi ya Dawa

Nilikuwa nauza unene. Nasema hivyo bila kupamba, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Katika kambi ya jeshi ya Kamina, mbele ya zile nyumba za matofali walizoziacha Wabelgiji, nilikuwa na meza yenye sabuni, chumvi, mafuta ya kupaka, na kopo moja la vidonge vya kuongeza mwili. Hilo kopo ndilo lililoleta watu. Wanawake wa kambi walitoka kila pembe ya Kongo, wengine Kiswahili hawakijui vizuri, lakini kwenye meza yangu tulielewana haraka. Walitaka nyonga, walitaka mashavu, walitaka waume wao wakirudi kutoka mstari wa mbele wakute mwanamke na si kijiti.

Vile vidonge vilikuwa na kazi mbili, njaa na usingizi. Anayevimeza anakula mpaka anashangaa mwenyewe, kisha analala. Nilijua kwa sababu nilivimeza baada ya kuzaa binti yetu wa pili, nikaketi jikoni mchana kweupe nikisubiri maharage yaive, na kilichoniamsha ni moshi. Tangu siku hiyo nilimwonya kila mteja: kimoja tu, jioni, ukiwa umemaliza kazi zako zote. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo nilifunga vidonge ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, na juu yake nikachora kitanda kidogo kwa kalamu ya bluu. Miguu miwili, godoro, na duara la mto. Nilijivunia hicho kitanda. Nilijiona nusu daktari.

Mume wangu alikuwa rubani. Alirusha ndege ya jeshi inayobeba askari na mizigo yao, na kwa kazi hiyo alitembea kambini kifua mbele. Meza yangu ilimkera. Alisema mke wa ofisa hakai nyuma ya sabuni, na akipita alitazama upande wa pili, kana kwamba hajui ni ya nani. Sidhani kama aliwahi kusimama hata mara moja kuona ninauza nini na ninakifungaje. Wakati ule jambo hilo liliniudhi sana.

Shida ya marubani wetu ni kwamba walikuwa wengi kuliko ndege. Moja iliruka, nyingine zililala kwenye majani zikingoja vyuma ambavyo havikuja. Rubani asiye na ndege anakaa. Wangu alikaa, akala bukari mara mbili kwa siku, ule ugali wetu wa muhogo na mahindi, na samaki wa ziwani na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa vizuri, mpaka akaota kitambi. Na mimi nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Kwetu tumbo la mume ni cheti cha mke. Mwanaume akikonda hakuna anayemuuliza yeye. Wanamtazama mke wake kuanzia miguuni mpaka kichwani, wanaanza kunong'ona kama anamnyima chakula au kama kuna ugonjwa umeingia ndani ya nyumba. Mimi ni mtoto wa kambi, nimezaliwa mbali na hapa, sina kijiji cha kuonyesha watu. Lile tumbo ndilo lililowanyamazisha wakwe zangu kule Kabongo.

Kisha likaja tangazo la vizite, yaani uchunguzi wa afya ya marubani. Daktari wa jeshi angefika kutoka mji mkuu baada ya wiki sita. Angewapima mmoja mmoja, na atakayeonekana mzito au mgonjwa atashushwa, afanye kazi ya chini mpaka atakapostaafu. Komanda aliyesoma tangazo hilo mwenyewe alikuwa na tumbo lililomzuia kuona viatu vyake. Lakini yeye hakuwa rubani, kwa hiyo hakuna aliyempima. Kila mtu alielewa kwamba wakubwa walikuwa wanatafuta njia ya kupunguza marubani bila kuwaambia ukweli machoni.

Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani, akaisukuma sahani.

"Minyi sikuli bukari tena, mpaka vizite ipite," alisema.

"Utakula nini basi?"

"Mayi."

Maji matupu. Alidhani ametania, akacheka. Mimi sikucheka. Nilijua kuruka ni nini kwake. Alikuwa mtoto wa wakulima, wa kwanza katika ukoo wao kupanda kitu kinachokwenda juu. Kijijini kwao watu walisikia ndege yoyote ikipita, hata isiyo yake, wakasema ni yeye. Ukimnyang'anya hilo, ungebaki na mtu gani? Sikutaka kumjua mtu huyo.

Alianza kukimbia. Alfajiri alijifunga karatasi ya plastiki tumboni, akavaa koti la mvua juu yake, akakimbia kando ya uwanja wa ndege, kwenda na kurudi. Askari wapya walimpita wakiimba, na wimbo wao ulimtania. Akirudi alikaa mlangoni akikamua fulana kama nguo iliyotoka mtoni. Kisha alikwenda kwenye ghala la chakula, akapanda mizani ya kupimia magunia, kwa sababu nyingine haikuwepo. Wiki mbili zilipita, mwenye ghala akamwambia hajapungua hata uzito wa mkate.

Ndipo mwenzake mmoja aliyesafiri akamletea chupa ya dawa ya kupunguza mwili. Ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye kiuno chembamba, na maandishi ya lugha ambayo sisi sote wawili hatukuijua. Mume wangu, ambaye hakutaka kujua meza yangu iko wapi, aliniletea ile chupa mkononi, kwa adabu.

"Weye unajua mambo ya dawa. Hii iko muzuri?"

Hapo ningesema sijui. Neno lenyewe ni dogo. Lakini miaka yote alinidharau, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri hukumu yangu. Nilifungua, nikanusa, nikakunja uso kama wanavyofanya wauguzi.

"Iko ya majani tu," nikamwambia. "Kunywa."

Akanywa. Baada ya siku chache alianza kupungua kweli, na tena haraka. Hakusikia njaa. Hakupata usingizi pia, mdomo ulimkauka, na vidole vilimtetemeka akifunga kamba za viatu. Alinigombeza kwa sababu ya chumvi, aligombeza watoto kwa sababu ya mlango. Mara moja alichukua mkono wangu akauweka kifuani kwake, nikasikia moyo unavyopiga mbio ilhali amekaa kwenye kiti. Nikamwambia ni mafuta yanayeyuka. Sijui nilitoa wapi maneno hayo, lakini niliyasema kwa uhakika, na yeye akaridhika.

Mashavu yalipoanza kuingia ndani, kambi nayo ikaanza. Wanawake walifika kwenye meza kununua sabuni, wakasimama zaidi ya inavyohitajika.

"Mama, bwana yako iko anaisha. Muko na shida gani kule ku nyumba?"

"Iko vizite," nilijibu.

"Eh. Vizite," walisema, wakatazamana. Mauzo ya vidonge yakapungua. Nani atanunua unene kwa mwanamke ambaye mume wake ni mifupa?

Uvumi una miguu. Ulifika Kabongo ndani ya wiki moja, na nyuma yake akaja mama mkwe wangu juu ya pikipiki, na kuku wawili na mfuko wa unga wa muhogo. Alikuwa mama mkavu, Mkatoliki wa kila Jumapili, mwenye rozari shingoni na mikono migumu ya jembe. Alimtazama mwanawe mlangoni, akaweka kuku chini, akanigeukia mimi.

"Nilikupatia muntu," alisema. "Sasa unanirudishia mifupa."

"Mama, iko amri ya jeshi. Dokta anakuya kubapima. Mwenye kunenepa hataruka tena."

"Serikali inaweza kukataza muntu kukula? Tangu lini? Unanionaka minyi mupumbafu?"

Mume wangu alieleza, nikaeleza, akatusikiliza wote wawili kama anavyosikiliza mtu anayemuuzia kitambaa kibovu. Kwake yeye mwili ni kitu unachokitafuta maisha yote kwa jasho, na hakuna mwenye akili anayekitupa. Kesho yake aliingia jikoni kwangu, akachukua sufuria. Mke hamnyang'anyi mama mkwe sufuria, na kwa kweli sikujaribu. Chakula cha mchana na cha jioni mwanawe alikikataa, lakini uji wa asubuhi aliukubali, kwa heshima, kikombe kimoja. Mama alimtazama mpaka tone la mwisho. Mimi niliudhika, kisha nikafikiri, acha, kikombe cha uji hakimwangushi mtu.

Siku hizo hizo jirani yangu, mke wa fundi wa ndege, alifika kwenye meza.

"Mama, nipatie ile ya kuongeza mwili. Iko ya ndugu yangu moja, amezaa, amekonda sana."

Nilifurahi kupata mteja. Nilifunga vidonge, nikachora kitanda, nikamwonya kama nilivyowaonya wote. Baada ya wiki moja akarudi, akaniambia ndugu yake anaendelea vizuri, nikamfungia vingine. Nilichora kitanda cha pili kwa uangalifu, nikakiongezea hata blanketi.

Mume wangu akaacha kupungua. Kwenye mizani ya magunia akaanza kupanda tena, kidogo kidogo. Akaogopa, akaongeza dawa ya chupa, asubuhi mbili, mchana mbili. Sasa alikuwa na tabia ya ajabu. Alitetemeka na kusinzia kwa wakati mmoja. Aliweza kukaa anapiga mguu chini haraka haraka huku amefumba macho. Nilisema ni uchovu wa kukimbia. Mimi, mwanamke aliyewaonya wanawake wote wa kambi kuhusu usingizi, nilitazama usingizi wenyewe umekaa kwenye kiti changu, nikasema ni uchovu.

Siku tatu kabla ya vizite walimpa safari, kupeleka askari na familia zao upande wa mashariki. Alirudi mchana, akaketi kitandani na buti miguuni.

"Niliona muto," aliniambia taratibu. "Kisha niliona ziwa, kule Sanga. Katikati yake sikumbuke kitu."

"Ulisinzia?"

"Sijue. Mwenzangu alikuwa anaandika. Sijue kama aliona."

Nyuma yake siku hiyo kulikuwa na wanawake na watoto wamekaa juu ya mabegi. Huenda baadhi yao walikuwa wateja wangu. Nilimwambia alale, anywe maji, vizite ikipita kila kitu kitarudi mahali pake. Yeye alitaka kusikia hayo, na mimi nilitaka kuyasema.

Asubuhi ya vizite alikunywa uji wa mama yake, akapiga ishara ya msalaba, akaenda. Kwenye mizani ya daktari, ile ya kweli, alipita. Alinisimulia baadaye kwamba alitaka kupiga kelele kwa furaha. Alipita kwa kidogo, lakini alipita. Kisha wakampima moyo. Daktari akapima mara ya kwanza, akapima tena, akabadilisha mashine. Wakamwambia akae kwenye benchi atulie. Akatulia sana. Alilala pale, amekaa, kichwa ukutani, marubani wenzake pembeni yake wote macho. Daktari alimwamsha mwenyewe, akamuuliza anatumia dawa gani. Mume wangu akasema hatumii kitu.

Ndipo muuguzi akaja mbio nyumbani kwetu. "Dokta anaomba ulete dawa yote yenye bwana yako anakunywa."

Nilidhani wanataka kumsaidia. Nilidhani, kama ni majani, kuna ubaya gani? Nikachukua chupa. Mama mkwe alisikia neno dawa, akafunga kitambaa chake kichwani, akanifuata bila kualikwa. Tuliingia chumba cha daktari wote wawili. Mume wangu alikuwa amesimama kwa kaptula na fulana. Aliponiona na chupa mkononi, alifumba macho.

Daktari aliipokea, akasoma maandishi ambayo sisi tulishindwa kuyasoma, akaiweka mezani. Na mama mkwe, kwa kuona dawa ya mke imepokelewa, hakukubali kubaki nyuma. Alifungua fundo la pindo la kitenge chake, akatoa kifurushi kidogo, akakiweka kando ya chupa kwa fahari.

"Na hii, dokta. Hii njo inamusaidia. Minyi mwenyewe namutiliaka ndani ya uji."

Ilikuwa karatasi ya daftari. Juu yake kulikuwa na kitanda kidogo cha bluu, na mto, na blanketi.

Daktari alimwaga vidonge juu ya meza, akavitambua mara moja. Alizungumza Kifaransa, bila kupaza sauti, na maneno yake nayakumbuka kwa maana yake, si kwa mpangilio. Alisema huku mnamkimbiza moyo, huku mnamlaza, na katikati mmemweka mbele ya usukani wa ndege. Alisema makaburi yote yaliyochimbwa na vita hayajatosha, anaona sasa wake na mama wanasaidia. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa natazama ile karatasi. Wote walitazama vidonge. Nikanyoosha mkono kama mtu anayesafisha meza, nikaichukua, nikaikunja, nikaiweka ndani ya blauzi.

Daktari aliandika kwamba hafai kuruka. Wakubwa walitia sahihi siku hiyo hiyo. Kwa jeshi letu, ambamo karatasi ya kuomba buti inazeeka mezani, hiyo ilikuwa mbio ya ajabu.

Nyumbani mume wangu hakunigusa mimi kwa neno. Ile chupa aliileta mwenyewe, alijua. Lakini alisimama mbele ya mama yake, na sauti aliyotoa sijawahi kuisikia tena.

"Mama, umeniua. Ulitoa wapi ile kitu?"

"Ku mama mumoja wa pale ng'ambo. Alisema iko ya muji." Machozi yalimtoka bila yeye kuyapangusa. "Nilitaka tu ukule, mutoto wangu. Nilitaka tu ukule."

Hakujua. Jirani alikuwa amemdanganya kwamba alivinunua mjini, kama alivyonidanganya mimi kuhusu ndugu aliyezaa. Baadaye nilimbana huyo jirani, akaniambia, "Mama mukwe alisema weye usijue, ju utakataa." Lakini pale sebuleni mama mkwe alinigeukia, mimi niliyemchukia kwa wiki tatu, akinitazama nimsaidie. Karatasi ilikuwa bado kifuani kwangu, ninaisikia inakwaruza kila nilipovuta pumzi. Neno moja tu lingetosha, kwamba dawa zilitoka hapa, kwenye meza yangu, na nilizichora kwa mkono wangu. Nikatazama chini. Kesho yake alipanda pikipiki akarudi Kabongo, na mwanawe hakutoka nje kumuaga.

Sasa mume wangu yuko ghala la chakula. Anapanga magunia na kuyapima juu ya ile mizani. Vidonge nilivimwaga chooni, wanawake wakalalamika, wakapata pengine pa kununua. Meza imebaki na sabuni na chumvi. Naye hanikatazi tena kukaa hapo, maana mke wa mtu wa ghala anaweza kukaa popote.

Anakula. Anakula kila kitu ninachoweka, bila kuchagua na bila kushukuru, na tumbo limerudi na kuzidi la zamani. Fundi cherehani ameipanua suruali yake mara mbili. Wanawake wanapita kwenye meza wakitabasamu.

"Sasa njo tunaona, mama. Uko unachunga bwana muzuri."

Nawashukuru. Heshima niliyoitaka nimeipata yote, na ningeitapika kama ningeweza.

Ile ndege moja ikipita juu, watoto wanatoka nje kuitazama. Yeye hainui kichwa. Miaka miwili imepita na hajatamka jina la mama yake. Ujumbe ukija kutoka Kabongo, anaondoka chumbani. Mara mbili niliamka asubuhi nimepania kumwambia. Nilimkuta anafunga kamba za viatu, vidole vimetulia, nikamwekea chai.

Mwezi uliopita mtu wa pikipiki aliniletea mfuko. Mama mkwe hakutuma salamu, alijua hazitapokelewa. Alituma unga wa muhogo tu, mweupe, ule anaoukausha mwenyewe juu ya jiwe. Niliufungua jikoni, nikaumimina ndani ya kopo letu, na mfuko nikauchoma. Jioni nikapika bukari.

Alikula tonge la kwanza, akaacha kutafuna. Akala la pili polepole.

"Bunga hii umetoa wapi?" aliniuliza. "Iko muzuri."

"Ku soko," nikamwambia.

Akaniletea sahani nimwongeze.